Embe la Njano Lisilonukia

Msimu wa maembe unapopamba moto pwani ya Kenya na Tanzania, malalamiko yaleyale hurudi sokoni. Embe ni la njano, limelainika, na bei yake si haba, lakini likikatwa halinukii. Ndizi nazo zinalaumiwa vivyo hivyo: ganda linang'aa, utamu upo kidogo, harufu hakuna. Kuhusu sababu, kila mtu ana neno lake. Mnunuzi anasema ni kabaidi. Muuzaji anasema ni mbegu hizi za kisasa. Mtaalamu akihojiwa redioni anaeleza kwamba gesi ya kuivishia ni ileile inayotoka ndani ya tunda lenyewe, basi watu wasihofu. Wazee wanasema dawa ni kuliacha tunda liive mtini.

Kila neno kati ya hayo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Yakipimwa pamoja, hoja inayosimama ni hii: homoni ya kuivisha haiui harufu. Ndiyo inayoiamsha, lakini haiwezi kuamsha kisichokuwamo. Tunda lililochumwa changa litageuka rangi na kulainika kwa amri ya homoni, iwe ya tunda lenyewe au ya dukani, na bado litakosa harufu kwa sababu malighafi yake haikuwahi kuwekwa. Walaji wanalaumu hatua ya mwisho ya safari ya tunda, ilhali hasara kubwa imetokea siku ya kuchuma.

Harufu inatoka wapi

Ulimi unatambua utamu, uchachu na uchungu. Mengine yote tunayoyaita ladha ya tunda huyapata puani, kwa molekuli nyepesi zinazoruka hewani tunda linapokatwa au kutafunwa. Ukiziba pua, tofauti kati ya papai tamu na embe tamu hupungua sana.

Molekuli hizo zina koo zake. Katika ndizi, wakubwa ni esta, hasa ile iitwayo isoamili asetati, ambayo tunda huitengeneza kutokana na asidi amino iitwayo leusini. Matofaa na matikiti ya kunukia nayo hutegemea esta. Embe ni mchanganyiko mzito zaidi. Kwanza zipo terpini, zilezile zinazosikika kwenye utomvu wa mwembe na kwenye embe bichi, zenye ukali wa ulimbo. Nyingi kati ya hizo hutengenezwa tangu tunda likiwa bichi kabisa. Kisha, tunda linapoiva, huingia esta na laktoni, ambazo huleta ule utamu wa harufu unaokaribia nazi na maziwa. Embe lenye terpini peke yake hunukia, lakini kwa namna ya ubichi: ukali bila utamu. Anayesema kwamba embe lake linanukia kama ulimbo anasema kweli kabisa. Amekula tunda lililofikia nusu ya kazi yake.

Hakuna hata moja kati ya molekuli hizi inayozuka bila chanzo. Malighafi yake ni asidi za mafuta, asidi amino na sukari, vitu ambavyo tunda huvipata kutoka kwenye majani au huvijenga lenyewe wakati wa kukua. Vimeng'enya ndivyo vinavyovigeuza kuwa harufu. Kwa hiyo maswali ni mawili: je, malighafi ipo? Na je, vimeng'enya vimeamshwa? Swali la pili ndilo la homoni. Mjadala wa sokoni huyachanganya yote mawili.

Gesi iliyotumika kabla ya kupewa jina

Homoni hiyo ni ethilini, gesi nyepesi isiyo na rangi, yenye atomu mbili za kaboni na nne za haidrojeni. Watu waliitumia kwa karne nyingi bila kujua kwamba ipo. Wamisri wa kale walizikata kuyu kwa kisu zikiwa bado mtini ili ziive haraka. Jeraha kwenye tunda hilo huchochea utengenezaji wa ethilini. Kagera, ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi huvundikwa shimoni au juu ya moshi wa jiko, na moshi wa kuni una ethilini ndani yake. Kuvundika kwenye majani ya mgomba, kwenye pipa la mahindi au chini ya gunia kunafanya kazi ileile kwa njia ya kuizuia gesi ya tunda isitawanyike.

Sayansi ilifika kwa njia ya taa za gesi. Mwaka 1901, huko St. Petersburg, Dimitry Neljubow aligundua kwamba miche ya njegere maabarani mwake ilikua kwa kupinda kwa sababu ya ethilini iliyokuwa ndani ya gesi ya taa. Mwaka 1910, H. H. Cousins aliionya serikali ya Jamaica kwamba machungwa yasisafirishwe pamoja na ndizi melini, kwa kuwa ndizi ziliiva kabla ya wakati. Mwaka 1924, F. E. Denny wa Marekani alionyesha kwamba ethilini ndiyo iliyokuwa ikiyageuza malimau kuwa njano katika vyumba vilivyopashwa moto kwa majiko ya mafuta ya taa. Wafanyabiashara walidhani ni joto. Hatimaye, mwaka 1934, Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba matofaa yenyewe huitoa gesi hiyo. Mwaka 1979, Shang Fa Yang na Douglas Adams huko California wakaeleza hatua muhimu ya njia inayopitiwa na mmea kuitengeneza kutokana na asidi amino iitwayo methionini.

Historia hii ina funzo moja linalogusa hoja yetu. Kwa muda mrefu ethilini ilipimwa kwa kile inachofanya kwenye ganda. Malimau ya Denny yaligeuka rangi, na biashara ikaridhika. Harufu haikuwa sehemu ya kipimo.

Ushahidi wa matikiti ya Toulouse

Je, ethilini inahusika kweli na harufu, au inahusika na rangi na ulaini tu? Jibu safi zaidi lilitoka Ufaransa. Mwaka 1996, watafiti wa Toulouse walichapisha kazi juu ya tikiti la Charentais, aina inayosifika kwa kunukia. Walinyamazisha jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa ethilini, na gesi ikashuka hadi chini ya asilimia 1 ya kawaida yake.

Matokeo yake yanafaa kutafakariwa na kila anayeuza tunda. Sukari iliendelea kujaa kama kawaida. Nyama ya ndani ikageuka rangi ya machungwa kama kawaida. Lakini ganda halikugeuka njano, tunda halikulainika vizuri, na harufu ilianguka kwa zaidi ya nusu, hasa upande wa esta. Matikiti hayo yalipopewa ethilini kutoka nje, yalipata tena harufu.

Matofaa yalitoa jibu kama hilo. California, mwaka 2004, matofaa ya aina ya Greensleeves yaliyonyimwa ethilini kwa njia hiyohiyo yalibaki na sukari na uchachu wa kawaida, huku esta zikipungua sana. Kazi ya New Zealand ya mwaka 2007 ilikwenda mbali zaidi. Watafiti walipima jeni 186 zilizodhaniwa kuhusika na harufu ya tofaa, na ni 17 tu zilizoitikia ethilini. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zile za hatua za mwisho, pale ambapo kimeng'enya hushika vipande viwili vilivyo tayari na kuviunga kuwa esta.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Ethilini ni kama mpishi anayewasha jiko na kuunga mchuzi. Vitu vya kupika lazima viwe vimeshaletwa jikoni. Sukari huja na wakati. Asidi za mafuta na asidi amino huja na wakati. Homoni huja mwishoni na kutoa amri. Mpishi akifika mapema mno, moto utawaka na sufuria itachemka, lakini mchuzi utakuwa maji.

Kuna jambo jingine linalozidisha tatizo. Tunda changa na tunda lililokomaa hayaitikii ethilini kwa namna moja. Likiwa changa, gesi ya nje huzuia tunda lisitengeneze gesi yake zaidi. Likikomaa, mambo hugeuka: gesi kidogo kutoka nje hulifanya tunda litoe gesi yake kwa wingi, na mabadiliko huendelea kwa nguvu za tunda lenyewe hata baada ya chanzo cha nje kuondolewa. Kwa hiyo embe lililokomaa likipata gesi ya siku moja humalizia kazi lenyewe. Embe changa likipata gesi hiyohiyo hubadilika maadamu gesi ipo, kisha husinyaa.

Matunda yasiyoisikiliza ethilini

Kabla ya kuyapima madai ya sokoni, tuondoe kosa moja la kawaida: kuyachukulia matunda yote kuwa ya tabia moja. Embe, ndizi, papai, parachichi, fenesi na pasheni huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Chungwa, nanasi, zabibu, stroberi na shokishoki hayafanyi hivyo. Yakichumwa machachu yatakufa machachu.

Machungwa ya Muheza ni mfano mzuri. Mengi hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva na kujaa maji matamu, kwa sababu chungwa huhitaji usiku wa baridi ili kijani kimong'onyoke. Machungwa ya namna hiyo yakiwekwa kwenye ethilini, ganda litakuwa la rangi ya dhahabu na ndani hapatabadilika kitu. Nanasi ndilo lenye mkanganyiko zaidi. Mkulima wa nanasi hutumia ethefoni, kimiminika kinachotoa ethilini, na wengine hutumia kabaidi, ili shamba lote litoe maua kwa wakati mmoja. Kazi hiyo hufanywa miezi kadhaa kabla ya mavuno na haina ubaya kwa harufu. Lakini ethefoni hiyohiyo ikinyunyiziwa tunda karibu na mavuno hugeuza ganda kuwa njano bila kuongeza sukari wala harufu. Dawa ni ileile, lakini matokeo hayafanani, na mlaji anayeona njano hana njia ya kujua.

Katika matunda haya amri hutoka kwingine. Kwenye stroberi, vijimbegu vya nje hutoa oksini, homoni inayokuza tunda lakini pia inayolizuia lisiive. Tunda likikua oksini hupungua, na asidi absisiki hushika usukani: rangi, sukari na harufu hufuata. Homoni za jamii ya jasmoneti zina sehemu yake pia, na mojawapo, methili jasmoneti, ni sehemu ya harufu ya maua ya jasmini. Kwa embe na ndizi homoni hizi zote zipo, lakini sauti kubwa ni ya ethilini, na ndiyo inayouzwa dukani.

“Ni kabaidi”

Dai hili ndilo lenye wafuasi wengi. Nguvu yake ni kwamba linatokana na uzoefu wa kweli. Maembe yaliyovundikwa kwa kabaidi mara nyingi hayanukii. Kabaidi ya kalsiamu, ambayo mafundi wa kuchomelea huijua vizuri, ikipata unyevu hutoa asetilini. Gesi hiyo huiga ethilini, ingawa nguvu yake ni ndogo mno ikilinganishwa nayo, na kwa hiyo watu huongeza kipimo. Kabaidi ya viwandani pia huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo hutoka pamoja na gesi. Uhindi, mzalishaji mkubwa wa maembe duniani, imeipiga marufuku kwa kuivishia matunda kwa sababu hizo. Kwa upande wa afya ya mlaji na ya kijana anayeishika kwa mikono mitupu, sioni hoja ya kuitetea.

Udhaifu wa dai hili ni kwamba linachukua mwenzi wa tatizo kuwa ndiye chanzo. Nani hutumia kabaidi? Ni mtu mwenye tunda ambalo lisingeiva lenyewe kwa wakati anaoutaka. Embe lililokomaa vizuri likiwekwa ndani ya tenga katika joto la Tanga au Malindi huiva bila msaada wa mtu. Anayelazimika kulisukuma ni yule aliyechuma mapema. Kabaidi na uchanga hutembea pamoja, na mlaji huona kimoja tu.

Hilo lina matokeo ya kisera. Serikali ikiondoa kabaidi sokoni, itakuwa imelinda afya, na hilo linatosha kuwa sababu. Lakini ikidhani imerudisha harufu, itakuwa imejidanganya. Mfanyabiashara atahamia ethefoni, atayaivisha maembe yaleyale machanga, na malalamiko yatarudi msimu ujao.

“Gesi ni ileile”

Hili ni dai la wataalamu na la wafanyabiashara wakubwa, na kikemia halina doa. Molekuli ya ethilini iliyotoka kwenye mtungi haitofautiani na iliyotoka kwenye ndizi. Vipokezi vya tunda haviwezi kuzitenganisha. Kipimo kinachotumika katika vyumba vya kuivishia ndizi, kati ya sehemu 100 na 150 kwa milioni moja za hewa kwa siku moja au mbili, hakiachi sumu ndani ya tunda. Tena ndizi ni ushahidi dhidi ya wale wanaosema kila tunda liive mtini. Ndizi inayoachwa kuivia mgombani hupasuka na kuwa ya unga mdomoni. Kuichuma ikiwa kijani na kuivundika ndiyo njia bora, na mababu walilijua hilo bila mtungi wa gesi.

Hata hivyo, dai hili linakwepa maswali matatu. La kwanza ni ukomavu, ambalo limeshaelezwa. La pili ni kwamba mabadiliko ya tunda hayahitaji kiasi kimoja cha ethilini. Mengine huanza kwa gesi kidogo, mengine yanataka zaidi na kwa muda mrefu. Mtu anayesimamisha kazi pale rangi inapopendeza huenda amekata safari ya harufu katikati.

La tatu ni mazingira, na hapa ndipo masoko yetu yanapoumia. Chumba kizuri cha ndizi kina joto la nyuzi kati ya 15 na 20, unyevu mwingi, na hewa inayobadilishwa. Kubadilisha hewa si anasa: tunda linaloiva hupumua kwa kasi na kutoa kaboni dioksidi, na gesi hiyo ikizidi asilimia 1 huanza kuipinga ethilini. Sasa fikiria maboksi yaliyofunikwa turubai nyuma ya kibanda, jua la Dar es Salaam likipiga. Joto likipanda sana, ndizi za jamii ya Cavendish hulainika ndani huku ganda likibaki na kijani. Hewa ikikosekana kabisa, tunda huanza kutengeneza pombe, na badala ya harufu nzuri hutoka uchachu wa pombe. Wauzaji wa ndizi pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, hawahitaji kufundishwa kwamba joto huharibu mzigo. Wanachokosa ni vyumba. Kusema “gesi ni ileile” bila kutaja chumba ni kusema nusu ya ukweli, na anayelipia nusu iliyobaki ni mnunuzi.

“Ni mbegu”

Hapa pana ukweli mkubwa kuliko wengi wanavyokubali, na pana uhusiano wa moja kwa moja na homoni. Tunda linalokaa muda mrefu bila kuoza mara nyingi ni tunda ambalo ethilini yake imepunguzwa, au lenyewe limezibwa masikio lisiisikie. Mfano maarufu ni nyanya. Mwaka 1968 iliripotiwa nyanya yenye hitilafu ya jeni iliyoifanya isiive kikamilifu. Jeni hiyo, iitwayo rin, ikachanganywa katika aina nyingi za kibiashara ili zidumu. Zikadumu, na harufu ikapungua. Mwaka 2017 timu iliyomhusisha Harry Klee wa Chuo Kikuu cha Florida ilisoma jeni za aina 398 za nyanya na kuonyesha kwamba aina za kibiashara za leo zina kiasi kidogo cha kemikali nyingi za ladha kuliko zile za zamani. Wazalishaji wa mbegu hawakukusudia kuiondoa harufu. Walichagua ukubwa, ugumu na mavuno, na harufu ikapotea njiani bila mtu kuihesabu.

Kwa maembe, Tommy Atkins ndiye shahidi. Aina hii iliyotoka Florida imetawala biashara ya kimataifa kwa sababu ina ganda gumu, rangi nyekundu ya kuvutia na uvumilivu wa safari. Hakuna anayeipanda kwa ajili ya harufu. Ukiiweka kando ya Dodo, Ngowe au Boribo iliyokomaa, tofauti haihitaji mashine. Kwa ndizi, soko la dunia liliachana na Gros Michel katikati ya karne iliyopita kwa sababu ya ugonjwa wa Panama na kuhamia Cavendish. Waganda wangali wanaila Gros Michel kwa jina la bogoya, na wengi huisifu kwa harufu.

Lakini mbegu haielezi kila kitu. Malalamiko ya mlaji wa Kongowea au Kariakoo si juu ya Tommy Atkins peke yake. Ni juu ya Ngowe na Dodo, aina ambazo mwaka jana zilinukia na mwaka huu hazinukii, au zinazonukia Januari na kukosa harufu mwanzoni mwa Novemba. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni siku ya kuchuma.

Baridi, na bei ya kutooza

Lipo pia kundi linalolaumu baridi. Halisemi sana sokoni kwetu, lakini litasema zaidi kadiri majokofu yanavyoenea. Baridi hupunguza kasi ya ethilini, na pia huvuruga vimeng'enya vya harufu. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba nyanya zilizokaa kwa nyuzi 5 kwa wiki moja zilipoteza sehemu kubwa ya harufu, na kurudishwa kwenye joto la kawaida hakukuirudisha yote. Jeni zilizohusika zilikuwa zimewekewa alama za kikemia zinazozinyamazisha. Maembe na ndizi, kwa kuwa ni watoto wa joto, huumia hata kwa baridi isiyo kali: ndizi chini ya nyuzi 13 hugeuka rangi ya kijivu.

Ipo pia dawa inayofanya kazi kinyume cha ethilini. Edward Sisler na Sylvia Blankenship wa North Carolina waligundua katika miaka ya 1990 kwamba gesi iitwayo 1-MCP hukaa kwenye vipokezi vya ethilini na kuvifunga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imetumika kwa matofaa duniani kote, na ndiyo sababu tofaa la kutoka ng'ambo linaweza kukaa miezi mingi na bado likalia mdomoni. Esta zake hupungua, jambo ambalo mtu yeyote angelitarajia baada ya matikiti ya Toulouse.

Je, hili ni baya? Si lazima. Tunda lililooza halina harufu ya kujivunia. FAO ilikadiria mwaka 2011 kwamba takriban theluthi moja ya chakula cha binadamu duniani hupotea au kutupwa, na kwa matunda hali ni mbaya zaidi. Mkulima wa Makueni anayeona maembe yakiozea chini ya miti Januari hawezi kuhubiriwa juu ya esta. Baridi na dawa za kuchelewesha zina nafasi yake kwa tunda la safari ndefu. Kosa ni kuzitumia kwa tunda linaloliwa umbali wa saa sita kutoka shambani.

Kwa nini tunda linachumwa changa

Tukiyaweka madai yote kwenye mzani, mbegu huweka ukomo wa juu wa harufu, baridi na joto kali hupunguza, kabaidi huleta hatari ya afya. Lakini kwa tunda la soko la ndani, uzito mkubwa uko kwenye ukomavu. Basi lazima tuulize kwa nini watu wanaolijua tunda vizuri wanalichuma kabla ya wakati.

Sababu ya kwanza ni bei. Embe la kwanza kufika mjini huuzwa kwa bei ambayo embe la katikati ya msimu haliwezi kuiota. Ya pili ni namna mazao yanavyouzwa. Katika sehemu nyingi za pwani, mfanyabiashara hununua mwembe mzima ukiwa na maua au matunda machanga. Mkulima amepata pesa ya ada ya shule, na mnunuzi ana sababu zote za kuvuna kwa mkupuo mmoja kabla ya wezi, tumbili au nzi wa matunda. Mwembe hutoa maua kwa awamu, hivyo siku hiyo tawini kuna maembe ya umri tofauti, na yote yanaingia tenga moja. Ya tatu ni barabara: tunda lililokomaa halivumilii siku mbili za lori. Na ya nne, ambayo naiona kuwa mzizi, ni kwamba sokoni tunalipia rangi na idadi. Hakuna anayelipwa zaidi kwa harufu, kwa hiyo hakuna anayegharimia kuingojea.

Kila suluhisho lina gharama yake. Kuchuma kwa awamu kunahitaji vibarua zaidi na kupanda mti mara tatu badala ya moja. Kungoja kunaongeza hatari ya nzi na wizi. Vyumba vya kuivishia vinahitaji umeme wa uhakika. Lakini kupima ukomavu hakuna gharama kubwa. Embe lililokomaa huwa na mabega yaliyojaa na kupanda juu ya kikonyo. Likitumbukizwa kwenye ndoo ya maji huzama, na changa huelea, kwa kuwa tunda linapojaza wanga na sukari uzito wake hupita wa maji. Ndizi iliyojaa huviringana na kupoteza pembe zake. Chama cha wakulima chenye ndoo na mtu mwaminifu kinaweza kulitenganisha tenga zima kabla lori halijafika.

Upande wa sheria, mfano upo karibu. Kenya imekuwa ikifunga msimu wa kuvuna maparachichi ya kuuza nje kwa vipindi fulani, ili wafanyabiashara wasipeleke matunda machanga Ulaya na kuliharibia zao jina. Hatua hiyo ilichukuliwa kumlinda mnunuzi wa ng'ambo. Kuipeleka kwa embe la soko la ndani ni kugumu zaidi, kwa kuwa msimu hutofautiana kati ya Kwale na Embu, kati ya Tanga na Tabora, na tarehe moja ya nchi nzima ingewaumiza wa nyanda za chini ambao matunda yao hukomaa mapema. Ukaguzi wa ukomavu kwenye masoko ya jumla, kwa ndoo ya maji na kisu cha kukatia sampuli, ungekuwa wa haki kuliko tarehe. Utahitaji pia jambo moja ambalo kaunti na halmashauri zinaweza kulianza bila sheria mpya: daraja la bei kwa tunda lililothibitishwa kukomaa, ili mkulima aliyengoja wiki mbili zaidi apate fidia ya wiki hizo.